Kolwezi: Hesabu zaweza kuonya kabla ya kipindupindu kufika, lakini nani anajua idadi ya watu?

Pembeni ya mji wa Kolwezi, jimboni Lualaba, kuna sehemu inayoitwa Kingamyambo. Kwa makumi ya miaka, matope yaliyobaki baada ya kuosha madini ya Gécamines yalimwagwa huko. Siku hizi matope hayo yanasafishwa upya ili kutoa shaba na kobalti iliyosalia ndani yake. Pamoja na yale ya mto Musonoi, yalikadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 100.

Hakuna mtu aliyeyapima matope hayo yote kwa mizani. Mainjinia walitoboa mashimo hapa na pale, wakapeleka udongo maabara, kisha wakapiga hesabu ya kile ambacho macho hayakioni. Kwa hesabu hiyo, mamilioni ya dola yaliwekwa kazini.

Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wanafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Wanachukua wagonjwa wachache wanaojulikana, wanapiga hesabu, kisha wanasema: kama hali itabaki hivi, baada ya majuma sita wagonjwa watakuwa wangapi, na watakuwa wapi. Hesabu hizo zinaitwa modeli. Kwa mji kama Kolwezi, ambako watu wanaingia na kutoka kila siku kwa ajili ya madini, modeli nzuri inaweza kuleta chanjo na dawa kabla ya jeneza la kwanza. Lakini kama hesabu ya Kingamyambo, inategemea vipimo vya mwanzo. Na hapo ndipo Kolwezi, na Kongo nzima, ina shida kubwa.

Vikapu vitatu

Modeli ya msingi ni rahisi kuelewa. Mnamo 1927, huko Scotland, William Kermack na Anderson McKendrick waliwagawa watu wa mji katika vikapu vitatu: wale wanaoweza kupata ugonjwa, wale wanaougua sasa, na wale waliotoka, ama kwa kupona ama kwa kufa. Kila siku watu fulani wanahama kutoka kikapu kimoja kwenda kingine. Wataalamu hao wawili walijaribu hesabu yao kwa vifo vya tauni katika mji wa Bombay, India, vya miaka 1905 na 1906, na mstari wao ulifuatana vizuri na ukweli.

Namba moja ndiyo inayoamua mambo: mgonjwa mmoja anaambukiza watu wangapi? Tuseme kila mgonjwa anaambukiza wawili. Mmoja anazaa wawili, wawili wanazaa wanne, wanne wanazaa wanane. Baada ya mizunguko kumi, mzunguko wa mwisho peke yake una wagonjwa 1,024. Sasa tuseme maji safi, sabuni na chanjo vimeshusha namba hiyo chini ya moja, ikawa 0.8. Wagonjwa 100 wanazaa 80, wale 80 wanazaa 64, na baada ya mizunguko kumi wanabaki kama 11. Ugonjwa unazimika, hata kama si kila mtu amekingwa.

Wazo hilo, kwamba si lazima kumaliza kila kitu ili kushinda, lilisemwa mapema na Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria inaletwa na mbu. Wenzake walimwambia kwamba kupigana na mbu ni kazi bure, kwa sababu hakuna anayeweza kuwaua wote. Ross akajibu kwa hesabu: mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria yenyewe itakwisha.

Kwa surua namba ni kali zaidi. Mgonjwa mmoja wa surua, katika watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba watoto 95 kati ya 100 wapate chanjo. Wakipata 80, ugonjwa bado una njia ya kupita.

Kipindupindu kinalala ziwani

Kwa watu wa Katanga ya zamani, mfano ulio karibu zaidi ni kipindupindu. Zamani wengi waliamini kwamba kinazuka popote penye uchafu, pasipo mpango. Profesa Didier Bompangue, mtafiti Mkongomani, na wenzake walichukua wagonjwa wote walioandikwa katika Katanga na Kasai ya Mashariki kuanzia 2002 hadi 2005, wakawaweka kwenye ramani, juma kwa juma. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2008. Yalionyesha kwamba milipuko ina chimbuko lake: maziwa.

Wakati wa utulivu, ugonjwa unarudi nyuma na kukaa katika sehemu chache za kandokando ya maziwa. Kisha unatoka tena, ukifuata watu na biashara zao. Hapo wataalamu walielewa kwamba kukimbia nyuma ya kila mlipuko ni kuchelewa. Afadhali kupeleka maji safi na nguvu zote katika sehemu zile chache, tena wakati ugonjwa umelala. Mpango wa taifa wa kutokomeza kipindupindu uliofuata ulijengwa juu ya wazo hilo.

Kolwezi haiko ziwani, lakini haiko mbali na njia. Mto Lualaba unapita karibu na mji, unaingia Nzilo, kisha unateremka kuelekea Bukama na maziwa ya Upemba. Maji yanateremka, lakini ugonjwa unaweza kupanda kinyume cha mto: ndani ya treni inayopita Bukama na Tenke, kwenye magunia ya samaki, au ndani ya tumbo la kijana anayekuja kutafuta maisha machimboni. Upande wa kusini kuna barabara ya malori kwenda Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Ng'ambo ya mpaka huo, Zambia ilipigwa na mlipuko mkubwa kuanzia mwezi wa kumi 2023. Watu zaidi ya 20,000 waliugua na zaidi ya 700 walikufa.

Modeli ya kipindupindu kwa hiyo haitoshi kuwa na vikapu vitatu. Inaongeza kikapu cha nne, yaani maji machafu ambamo vijidudu vinangoja. Inaongeza pia mvua na barabara: watu wangapi wanatoka wapi kwenda wapi. Ndiyo inayoweza kusema kwamba kama Bukama imewaka leo, mji gani una hatari kubwa ya kufuata.

Majuma machache ya onyo yana thamani kubwa. Kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima kwa saa chache tu kikiachwa pasipo matunzo. Lakini mgonjwa akipewa maji ya chumvi na sukari mapema, na serumu kwa wale waliozidiwa, wanaokufa hawafiki mmoja kati ya 100. Tofauti kati ya hali hizo mbili mara nyingi ni kama kituo cha afya kilikuwa na serumu siku mgonjwa alipofika.

Chanjo nayo ni haba. Mwezi wa kumi 2022, kwa sababu dozi hazikutosha duniani, mashirika ya kimataifa yaliamua kwamba katika milipuko kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Dozi zikiwa chache, lazima mtu achague mji upi upate kwanza. Kuchagua vibaya kunahesabiwa kwa makaburi. Mwaka 2025, UNICEF ilitangaza kwamba Kongo imepigwa na mlipuko mbaya kuliko yote ya miaka 25, wagonjwa wakizidi 60,000 na vifo vikizidi 1,800.

Utabiri ambao haukutimia

Wakongomani wengi wana sababu ya kutoamini namba za wataalamu. Mwezi wa nne 2020, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika ilisema kwamba Covid-19 inaweza kuua Waafrika 300,000 hata mambo yakienda vizuri, na milioni 3.3 kama hakuna kitakachofanywa. Nchini Kongo, vifo vilivyoandikwa rasmi katika janga lote havikufika 1,500. Wengi walicheka, wakasema ni biashara ya wazungu.

Sababu za tofauti hiyo ni zaidi ya moja. Karibu nusu ya Wakongomani ni watoto wa chini ya miaka 15, na Covid iliua hasa wazee. Pia si kila aliyekufa alipimwa. Namba zilizoingizwa katika modeli za kwanza zilitoka China na Ulaya, ambako watu hawaishi kama Kolwezi au Bukavu. Hapo modeli ilikosa kwa sababu ililishwa chakula cha mahali pengine.

Lakini kuna utabiri mwingine ambao haukutimia kwa sababu njema. Mwezi wa tisa 2014, Ebola ikiwaka Afrika Magharibi, kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa, CDC, kilitangaza kwamba kama hali haibadiliki, Liberia na Sierra Leone zinaweza kuwa na wagonjwa milioni 1.4 kufikia tarehe 20 mwezi wa kwanza 2015. Dunia ilishtuka. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa wote wa Afrika Magharibi walikuwa kama 28,600, na vifo kama 11,300.

Je, CDC ilidanganya? Ripoti ile ile ilikuwa na ukurasa wa pili ambao watu wachache waliusikia. Ilisema kwamba kama wagonjwa 70 kati ya 100 watatunzwa mahali pasipoambukiza wengine, na maiti zikazikwa kwa usalama, mlipuko utaelekea kwisha. Vitanda vililetwa, askari na waganga walitumwa, na wakaaji wenyewe walibadili namna ya kuzika. Sentensi ya kwanza haikutimia kwa sababu ya pili ilifanyiwa kazi.

Hapo ndipo modeli inatofautiana na unabii. Nabii anasema kitakachotokea. Modeli inasema «kama»: kama mkikaa hivi, bei ni hii, kama mkifanya vile, bei itashuka. Anayesoma sehemu ya kwanza tu anaogopa bure, na baadaye anadharau bure.

Risasi ndani ya hesabu

Mashariki mwa Kongo imewafundisha wataalamu jambo jingine. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe mosi mwezi wa nane 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Safari hii chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Kwa hesabu ya kawaida, moto ulipaswa kuzimika mapema.

Lakini mwezi wa pili 2019, vituo vya matunzo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa nne, daktari wa OMS kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo. Kila shambulio liliwasimamisha wachanjaji na wale wanaofuatilia watu waliomgusa mgonjwa. Watafiti wa Marekani pamoja na Wakongomani, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, waliingiza matukio hayo ya fujo ndani ya modeli. Waliona kwamba baada ya fujo, namba ya maambukizi inapanda. Usalama na imani ya raia viliingia katika hesabu, sawa na chanjo.

Mji wa watu wangapi?

Shida ya Kolwezi si risasi. Ni swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza: mji una watu wangapi?

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi ilifanywa mwaka 1984, wakati wa Zaire ya Mobutu. Iliona watu karibu milioni 30. Tangu hapo, kila idadi inayotumiwa na serikali, waganga au mashirika ni makadirio: wanachukua namba ya zamani, wanaongeza asilimia fulani kila mwaka. Makadirio ya watu wa Kolwezi yanapishana kwa mamia ya maelfu, kulingana na nani anayehesabu.

Na Kolwezi haikukua kwa asilimia ya kawaida. Bei ya kobalti ikipanda, vijana wanafika kutoka Kasai, Lomami, Haut-Lomami na kwingine. Kasulo, kartié ya nyumba za kawaida, iligeuka machimbo wakati watu walipoanza kutoboa ndani ya viwanja vyao. Mchimbaji wa mikono, yule anayeitwa creuseur, analala leo karibu na shimo moja, kesho amehamia lingine. Hayumo katika daftari la mtaa wowote.

Matokeo yake yanaonekana katika chanjo. Chukua mfano wa kubuni: eneo la afya limepangiwa watoto 20,000 kwenye karatasi, lakini kwa kweli wapo 30,000. Wachanjaji wanapata watoto 19,000. Ripoti inasema asilimia 95, na kila mtu anapongezwa. Ukweli ni asilimia 63. Watoto 11,000 wamebaki wazi, na surua inahitaji wachache sana kuliko hao. Modeli yoyote itakayolishwa ile asilimia 95 itatabiri utulivu, mpaka siku vitanda vitakapojaa.

Katanga inajua vitanda hivyo. Mwaka 2015 surua iliwaka huko, Malemba-Nkulu ikiwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi, na wagonjwa walizidi 20,000. Kuanzia 2018 hadi 2020, mlipuko mwingine ulienea nchi nzima na kuua zaidi ya watu 6,000, wengi wakiwa watoto. Uliua kuliko Ebola iliyokuwa ikitangazwa kila siku redioni.

Kuhesabu mapaa na simu

Wataalamu wanatafuta njia za kuzunguka shida hiyo. Kwa majimbo matano ya magharibi, yaani Kinshasa, Kongo Central, Kwango, Kwilu na Mai-Ndombe, watafiti walitumia picha za setilaiti kuhesabu nyumba. Kisha timu zilipita katika sehemu chache zilizochaguliwa, zikahesabu watu nyumba kwa nyumba. Kwa kuunganisha hayo mawili, walikadiria idadi ya watu hata mahali ambapo hakuna timu iliyofika. Ni kazi ile ile ya mashimo ya Kingamyambo.

Njia nyingine ni simu. Nchini Kenya, watafiti walichunguza mienendo ya simu karibu milioni 15, kuanzia mwezi wa sita 2008 kwa mwaka mmoja, pasipo majina ya wenyewe. Waliona namna wasafiri wanavyobeba malaria kutoka upande wa Ziwa Victoria mpaka Nairobi. Kwa Kolwezi, simu zingeweza kuonyesha watu wangapi wanatoka Bukama au Kasumbalesa kila juma.

Lakini simu haimwoni asiye nayo, wala setilaiti haijui chini ya paa moja la bâche wanalala vijana watatu au kumi. Pia raia wana haki ya kuuliza nani anashika habari hizo, na kwa kazi gani. Katika mji ambako madini yana kampuni nyingi na wanausalama wengi, swali hilo si dogo.

Daftari la muuguzi

Mwishoni, kila modeli inarudi mahali pamoja: daftari la kituo cha afya. Kila juma muuguzi anaandika wagonjwa wa kuhara, wa surua, wa homa, na kupeleka namba kwenye ofisi ya eneo la afya, kama Manika au Dilala. Kutoka huko zinaingia kompyutani na kupanda mpaka jimbo, kisha Kinshasa. Kama hana unit za kutuma ripoti, au mtandao umekatika, namba ya juma hilo inakuwa sifuri au inachelewa. Kwenye modeli, sifuri ya ukimya inafanana na sifuri ya afya.

Raia naye ana sehemu yake. Mgonjwa anayetunzwa nyumbani kimya, au aliyekimbilia chumba cha maombi, haingii katika hesabu. Wahamasishaji wa jamii, wale wanaoitwa reko, ndio wanaoweza kusema kwamba katika avenue fulani watu watatu wanaharisha tangu jana. Habari hiyo ya mdomo, ikifika siku hiyo hiyo, inaipa modeli siku ambazo hakuna kompyuta inayoweza kuzirudisha.

Kampuni za madini zinajua kila asubuhi wafanyakazi wao wangapi wameingia kazini, na kila lori linaandikwa getini kwa uzito wake. Katika mji ambako kila tani ya shaba inahesabiwa kabla ya kuvuka Kasumbalesa, watu wenyewe hawajahesabiwa tangu 1984. Mvua ikianza tena na maji ya visima yakichanganyika na ya vyoo, hakuna modeli itakayoziba pengo hilo kwa siku moja. Inaweza tu kuonya, kwa kadiri ya namba itakazopewa kutoka Kapata, Musonoi na Kasulo.